Deheni Kwenye Gia

Mama yangu alikuwa akipika wali kwa masikio. Sipigi chuku. Macho yake yalikuwa yameshafunga, moja kwanza, la pili likafuata polepole kama mtu anayezungukia nyumba akizima taa, na tangu hapo saa yake ikawa ni mlio wa mashua ya Baba. Mashua ikiingia mlangoni, yaani kwenye lile pengo la mwamba ambalo vyombo vyote vya Chovai hupitia, mlio ulifika jikoni kwake kabla haujamfikia mtu mwingine yeyote kisiwani. Mama aliinua kidevu. "Yuwaja," alisema. Kisha akatia mchele chunguni, na Baba alipokuwa akiosha miguu nje ya mlango, wali ulikuwa umeshakauka.

Wala haukuwa mlio mzuri. Injini ilinguruma kama injini zote za pwani yetu, lakini juu ya ngurumo ile kulikuwa na kilio chembamba, kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na hicho kilitoka kwenye gia. Watoto wa jirani walikiiga wakicheza. Watu wa Ngumi, kisiwa cha jirani, Baba akienda kwao, walimtania kuwa amebeba mtoto mchanga ndani ya sanduku la chuma. Mimi nilikionea haya, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo, kuchonga gia, na baba yangu mzazi alikuwa akitembea baharini na gia inayolia mbele za watu.

Nilitoka Chovai nikiwa mgongoni mwa Mama, wakati watu wetu walipokimbia vita. Nikakulia Mombasa, nikajifunza kukereza chuma, kisha nikajifunza na hesabu zake. Wazee wangu walirudi kisiwani mara tu paliporudika. Baba alisema hawezi kufia mahali ambapo bahari inaonekana kati ya nyumba mbili tu. Nami nikawafuata, lakini nusu ya njia; nikaishia Kismayo, nikafungua karakana nyuma ya soko, yenye mashine moja ya kukereza na mlango wa bati unaopiga makofi upepo ukivuma.

Siku gia ilipokufa, Baba aliletwa Kismayo na mashua ya jirani. Alikuwa amezipakata zile gia zake mbili, magurudumu ya meno, ndogo na kubwa, zimefungwa kwenye kikoi. Ile ndogo huzungushwa na injini, mbio. Ile kubwa huipunguza mbio hiyo na kuigeuza nguvu, ikaipeleka kwenye rafadha, zile panga zinazokata maji nyuma ya mashua. Nikafungua kikoi. Meno yalikuwa yameliwa ubavuni, yamebonyea, na katikati yake kulikuwa na uji mweupe ulioganda. Nikaunusa.

"Baba, hii ni deheni?"

"Ni deheni."

Deheni ni mafuta ya kondoo yaliyopondwa na chokaa. Mafundi wetu huipaka chini ya chombo ili wadudu wa baharini wasiutoboe ubao. Baba aliunda mashua kabla hajawa mvuvi, na kwake yeye kitu chochote kinachokwenda chini ya maji ni lazima kipakwe. Grisi ilikuwa imemwishia msimu mmoja, Kismayo ni mbali, basi akafungua sanduku la gia akaipaka deheni kwa vidole, kwa upendo, kama alivyopaka vyombo maisha yake yote.

"Chokaa, Baba! Umetia chokaa ndani ya gia. Ni kama kumtia mtu mchanga jichoni."

"Mbona haikuoza?"

"Haikuoza kwa sababu ni chuma!"

"Basi si imefanya kazi yake," alisema, akaomba chai.

Niliposhuka hasira nikapata kuunganisha mambo. Kilio kile kilianza msimu uleule grisi ilipokwisha. Chokaa iliyasugua meno, meno yakabonyea, na kutoka kwenye yale mabonyeo ndipo sauti ilipozaliwa. Nilijiona mwerevu sana kwa kuligundua hilo, na sikulifikiria zaidi.

Nilimuuliza anataka gia ya namna gani. Alitaka yenye nguvu ya kumpitisha mlangoni wakati maji yanatoka kwa hasira. Alitaka nyepesi, maana mashua ikilemewa nyuma hukwaruza mchanga. Alitaka isile dizeli, na idumu. Mimi nikaongeza langu bila kumuuliza mtu: inyamaze.

Hapa ndipo kazi yangu inapokuwa tamu, na ndipo inapochosha. Ukiyafanya meno kuwa makubwa, yanapata nguvu lakini yanapiga kelele. Ukiyafanya madogo, yananyamaza, ila siku moja yakikutana na mkondo mkali yanakatika. Ukilipanua gurudumu, unapata nguvu, lakini sanduku linagusa ubao wa chini. Ukilifanya nene, linadumu, na uzito ndio huo. Ni kama kulala na shuka fupi. Ukifunika mabega, miguu inabaki nje, na ukiwa wawili kitandani, ni ugomvi.

Nilikuwa na laptopu iliyochakaa na programu niliyopewa na mwalimu wangu wa Mombasa. Unaiambia unataka nini na nini, nayo inabuni gia baada ya gia, kila moja ni kitone kwenye kioo. Nakumbuka mchana ule vizuri kuliko siku nyingi zilizokuwa na maana zaidi. Umeme wa mtaa ulikatika, mashine ikasita kuzunguka, na joto la Kismayo likaingia likakaa kama mgeni asiye na haraka. Baba alilala kwenye mkeka kando ya mashine, uso umefunikwa na kikoi. Kioo kilikuwa ndicho kitu pekee chenye mwanga ndani. Vitone vilikuwa vikianguka, vikianguka, na kila kitone kilikuwa gia ambayo haijawahi kuwapo duniani, yenye nguvu zake na kasoro zake. Mwanzo vilitawanyika hovyo. Kisha vikaanza kusogea upande mmoja, vikabanana, vikafanya ukingo uliopinda.

Niliutazama ukingo ule mpaka nikauona kuwa ni ufuo. Huku ndani, kwenye mchanga, ni gia mbovu, ambazo ungeweza kuziboresha bila kupoteza kitu. Kule nje, majini, ni gia zisizowezekana. Na pale kwenye mstari wa maji ndipo zinapoishi gia zote zilizo bora: hapo huwezi kuongeza nguvu bila kuongeza uzito, huwezi kupunguza kelele bila kupunguza kitu kingine. Kompyuta inakuletea ufuo mzima, halafu inakwambia, chagua pa kusimama. Nilisikia pumzi za Baba, na bati likipiga makofi, nikawa sina hakika kama niko macho. Nilikuwa na furaha. Nadhani sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, furaha ya mtu ambaye hajui bado anachokiacha nje ya hesabu.

Nikasimama upande wa ukimya. Nilichonga meno ya mshazari, yanayoshikana kwa kuteleza badala ya kugongana. Yana tabia ya kusukumana kwa ubavu, kwa hiyo yanataka beringi nzuri zaidi, nami nikazitafuta. Nikayasafisha mpaka yakang'aa. Nikamwapisha Baba: grisi tu.

Tulipoijaribu, alikaa nyuma na mkono kwenye usukani, akicheka peke yake. "Kama samaki," alisema. "Kama samaki, wallahi." Tulikwenda Chovai mchana kutwa, maji yakiwa meupe kwa jua, na injini ikinguruma chini chini. Tulipita mlangoni bila kilio chochote. Nilikuwa nimevimba kichwa.

Nyumbani, moto haukuwa umewashwa. Mama alikuwa amekaa kizingitini, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. Baba alitoa salamu akiwa karibu yake, naye akashtuka, akampiga kofi la mkononi.

"Umetoka wapi wewe?"

"Baharini. Ningetoka wapi?"

"Mashua i wapi?"

"Iko ufuoni."

"Si kweli."

Ilibidi tumpeleke aiguse. Aliupapasa ubao, akapanda, akakiweka kiganja kwenye sanduku la gia lililokuwa bado na joto. Nikamweleza kwa mbwembwe zote jinsi meno ya mshazari yanavyofanya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mama yangu.

"Kumbe umeikata ulimi," alisema.

Nilirudi Kismayo nikiwa bado najipongeza. Lakini simu zikaanza. Mara Baba, mara dada wa Mama aliyekaa nyumba ya pili, yule tunayemwita mama mdogo. Mama sasa hakai tena jikoni. Jua likianza kushuka tu anatoka, anakwenda kukaa mchangani, anasikiliza. Injini ikipita anasimama. Kwake zote zilikuwa moja. Siku moja alidhani amesikia, akaingia majini mpaka magotini, na mama mdogo akakimbia kumshika.

Nilipozungumza naye kwa simu alinieleza kwa utulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. "Mwanangu, zamani nilikuwa nikikaa na raha yangu mpaka mlio. Sasa nakaa na hofu mpaka aniguse mkono. Sitaki tena. Namtaka auze mashua, tuje tukae huko kwako."

Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo, wazee kuhamia kwa mtoto wao mjini. Kwetu sisi lilikuwa ni kung'olewa mara ya pili. Baba alikuwa amekirudia kisiwa kile kwa kuikata miaka ya ugenini kwa meno. Asingeniambia, lakini nilijua kuwa akiuza mashua, atakaa kwenye karakana yangu akiangalia mlango wa bati, mpaka amalizike. Na Mama naye hakutaka mji. Alitaka kusikia tu.

Nikapendekeza apige simu akifika mlangoni. Baba akanikumbusha kuwa mtandao wa Chovai hukamata juu ya kilima kimoja cha mchanga, tena kwa kuomba. Nikapendekeza honi. Mama alikataa kabla sijamaliza.

"Honi hupigwa na mchu akikumbuka," alisema, kwa lahaja yetu ya visiwani, ambamo mtu ni mchu. "Ile gia ilikuwa yalia yenyewe, akumbuke asikumbuke. Akiwa amechoka yalia. Akiwa mgonjwa yalia."

Nikarudi kwenye laptopu, na safari hii nikaiomba jambo ambalo naamini hakuna fundi aliyewahi kuiomba: nguvu, wepesi, uimara, dizeli kidogo, na kelele. Nikachonga meno yaliyonyooka, makubwa kidogo. Yalilia vizuri sana, filimbi moja safi isiyoyumba. Nikaipeleka mwenyewe Chovai, nikaifunga, Baba akatoka mpaka nje ya mwamba akarudi. Mimi nilikaa na Mama jikoni kumtazama. Filimbi ikaja. Mama aliinamisha kichwa upande, akasikiliza, kisha akaendelea kuchambua mchele.

"Mama, si huyo?"

"Hiyo ni mashua ya mchu mwengine."

Nilifura. Niseme kweli, nilimkasirikia mama yangu kipofu kwa kutoipenda gia yangu. Nikaondoka kesho yake bila kunywa chai ya pili.

Baada ya hapo kukawa kimya kwa muda. Hakuna simu ya kulalamika, hakuna habari ya kuuza mashua. Nikadhani wamezoea. Kisha asubuhi moja nilikuwa ufuoni Kismayo, nikibishana na Msomali mmoja rafiki yangu juu ya vyuma chakavu alivyoniletea, nikakisikia. Kilio chembamba, kikipanda na kushuka. Nikaacha kubishana, nikageukia bahari. Rafiki yangu akaniambia, "Warya, vipi? Umeona jini?" Nikamwacha na vyuma vyake nikaenda kumpokea Baba majini, na bisbisi tayari iko mkononi.

Nilifungua sanduku palepale. Uji mweupe ulikuwa umejaa kati ya meno, umepakwa vizuri, kwa vidole.

"Uliapa!"

"Niliapia ile ya kwanza," Baba alisema. "Hii hukuniapisha."

"Baba, hii gia ingekaa miaka mingi. Umeifupishia umri kwa mkono wako. Itakufa mapema, itakufa kama ile."

"Miaka mingi ya nani?" Aliuliza bila ukali, akikunja kamba. "Mimi ninayo hiyo miaka mingi? Jana nilipopita mlangoni, mama yako alitia mchele chunguni. Nilifika nikaukuta umekauka. Nambie wewe, gia nzuri ni ipi?"

Nilikuwa nimeinama juu ya sanduku, na mafuta ya kondoo yakinuka jua. Kwenye ufuo wangu wote wa vitone, hakukuwa na kitone cha mtu anayeamua kuila gia yake ili mkewe asiogope. Nilijisikia mjinga, na nilimpenda sana, vyote pamoja. Nikafunga sanduku bila kulisafisha.

Alifanya safari nyingi baada ya hapo, akija na samaki na kurudi na sukari na dizeli. Kila mara nilimchongea jino likihitaji kuchongwa, nikamnung'unikia, naye akaniitikia kwa heshima ya kunidhihaki, "Ndiyo fundi." Mwisho wake ulikuja Kismayo. Alilala kwangu, akaswali alfajiri, akasema mwili hauko sawa, akajilaza kwenye mkeka ule kando ya mashine. Nilidhani amepata usingizi. Nilipunguza mwendo wa mashine nisimwamshe.

Tulimzika siku hiyohiyo. Mama mdogo ndiye aliyepanda kile kilima cha mchanga na kuipokea simu, na ndiye aliyeshuka kumwambia Mama. Nilipomaliza matanga ya huku, ilinibidi niirudishe mashua kwao. Nilikwenda peke yangu. Sikumbuki mengi ya njiani isipokuwa ile gia ikilia, na mimi nikiifikiria nafasi ya nyuma ambayo sasa nimeikalia mimi.

Visiwa vilipoanza kuonekana, wazo likaniingia na halikutoka. Mama alikuwa ndani, kwenye eda, miezi minne na siku zake asitoke. Amekaa gizani kwa namna mbili. Mlio huu ukiingia jikoni, kidevu chake kitainuka kabla hajakumbuka. Atasema "Yuwaja." Kisha atakumbuka. Sikuweza kumfanyia hivyo. Nilipofika mlangoni nikazima injini, nikachukua upondo, nikaisukuma mashua kwa mikono, polepole, mpaka mchangani. Nilijiona mwana mwema.

Wanawake waliokuwa naye walinipisha. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, kwenye kona, na nguo za eda. Nikambusu mkono. Akanipapasa uso, akafika machoni, akayafuta kwa dole gumba.

"Umekuja na nini?"

"Na mashua."

"Ya nani?"

"Ya Baba."

"Sikuisikia."

"Niliizima mlangoni, Mama. Niliona..."

Aliuondoa mkono usoni pangu. Halafu nikaona kuwa amekasirika, hasira ya kweli, ya kunigombeza kama mtoto aliyerudi na kiatu kimoja.

"Kwani wewe wadhani nilikuwa nangoja mlio wa babako tu? Miaka yote ile, nikiusikia nasema, yuwaja mchu wangu. Na wewe si mchu wangu? Yeye hatakuja tena, nimeambiwa, nimekubali, nimelia. Wewe ndiye uliye hai, na wewe ndiye waniingilia ndani kama mwivi?"

"Nisamehe, Mama."

"Sitaki nisamehe. Rudi."

"Nirudi wapi?"

"Mlangoni. Washa, uje kama wachu."

Wanawake wakatazamana. Mama mdogo alificha uso kwenye leso, na sijui kama alikuwa akicheka au akilia. Mimi ni mtu mzima, nina ndevu zenye mvi, lakini niliinuka nikatoka. Niliisukuma ile mashua tena kwa upondo, maji yakinipinga, jasho na machozi vikinichanganyikia mdomoni, na watu wa ufuoni wakiniuliza nimesahau nini. Nilipofika mlangoni nikaigeuza. Nikawasha.

Gia ikalia. Ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, na ndani yake ilikuwa na deheni aliyoipaka Baba kwa vidole vyake, ikiyala meno yangu taratibu. Sikuharakisha. Nilishika usukani nikaiacha ilie inavyotaka, nikitazama paa la makuti la jiko letu, mpaka nikauona moshi unatoka.

Nilipofunga kamba na kuosha miguu nje ya mlango, wali ulikuwa umeshakauka.